Mwaka Ambao Hatukufagia Chini ya Mti

Niliingia Kindu kwa miguu, nikisukuma kinga yenye gunia la chumvi, nikifuata reli. Kinga ndilo jina letu la baiskeli. Treni zilikuwa zimeacha kupita tangu vita vilipotufikia Kongolo, lakini mimi nilizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa reli, na kwetu njia ya kwenda popote ilikuwa ile moja ya chuma. Baiskeli yenye mzigo haipendi mataruma. Inarukaruka, inalala upande, na anayeisukuma hushinda ameinama kama mtu anayemrudisha mlevi nyumbani. Kwenye madaraja tulishusha mizigo, tukavusha chumvi kichwani, kisha tukarudi kuchukua baiskeli, huku maji yakionekana kati ya miguu yetu. Majani yalikuwa yameota katikati ya njia hadi kiunoni. Katika vituo vidogo, ambako zamani akina mama waliuza ndizi madirishani mwa mabehewa, hapakuwa na mtu wala mlango. Milango ilikuwa imeshakuwa kuni.

Baada ya kituo cha Samba nilishikwa na homa. Wenzangu wa msafara wa chumvi waliningoja, kisha wakaacha kuningoja. Siwalaumu, chumvi ikilowa hugeuka maji. Nilifika Kibombo peke yangu, na kutoka Kibombo nilitembea pamoja na watu waliokuwa wakikimbilia kule kule nilikokuwa nikienda, jambo ambalo lilinipa moyo, ingawa halikupaswa.

Nilipoona mabati ya stesheni ya Kindu nilitaka kitu kimoja tu: mahali pa kuegemeza baiskeli pasipoiacha ianguke. Nyuma ya nyumba za matofali za watu wa reli palikuwa na mti mkubwa kuliko yote niliyokuwa nimeipita njiani. Mizizi yake ilisimama juu ya ardhi kama kuta za chumba kisicho na paa. Niliingiza baiskeli kati ya kuta mbili, nikalala kando yake. Niliamshwa na ncha ya ufagio mbavuni.

"Muntu halale hapa," alisema mwanamke aliyeushika. "Simama, nifagie. Kisha utalala tena."

Huyo ndiye niliyekuja kumwita Mama, kama walivyomwita wote pale uani. Hakuwa amenizidi umri wa kutosha kunizaa, lakini alikuwa amezidiwa na kazi. Baba yake alitoka Kasai akaletwa Kindu na reli. Mume wake, mtu wa ishara za treni, alikuwa wa Kibombo, wa familia ya Kiislamu, na yeye aliendelea kwenda misa yake bila mtu kumuuliza. Uwanja ulikuwa wa familia ya mume tangu enzi za babu yake. Alinipa kona ya jikoni, nikampa chumvi.

Muda si mrefu mji ukafungwa. Wapiganaji wa msituni walikuwa pande zote, wanajeshi walikuwa ndani, na aliyekwenda shambani hakuwa na hakika ya kurudi. Muhogo uliozea ardhini ng'ambo ya mipaka ambayo hakuna aliyeiona. Mume wa Mama alikwenda siku moja kuangalia njia ya reli na hatukumwona tena. Chumvi yangu iliisha, na baiskeli ikachukuliwa na mwanajeshi aliyesema anaiazima. Watu walianza kukata miti ya mjini ili wapate kuni. Miparachichi ilikwenda kwanza, kisha ile ya kivuli kando ya barabara. Ule mkubwa uliachwa kwa sababu hakuna aliyekuwa na shoka la kuuweza, na kwa sababu nyingine iliyotufikia mwishoni mwa kiangazi.

Asubuhi moja tulisikia juu ya mabati kitu kama mchele unaopepetwa. Nilitoka nje nikaona mbingu kavu. Mama alikusanya punje chache nyeusi kiganjani, akazinusa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Haya mavi ya viwavi," alisema. "Wako kule juu wanakula. Watashuka."

Wapasua mbao wanauita mti ule sapeli, na ganda lake likichubuliwa linanukia vizuri hata kwa mtu mwenye njaa. Mtaani waliuita mti wa viwavi tu. Wale wanaouzwa sokoni kwa jina la mbinzo, wakavu, kwenye vibakuli, katika mti ule walikuja wenyewe. Viwavi wake hawali mti mwingine. Wakishiba wanashuka, wanene kama kidole gumba, wanaingia chini ya majani yaliyooza, wanajifunga humo mpaka wawe nondo. Wenyeji, watu wa ukoo wa mume wake, walikuwa na desturi yao: waliokota siku za kwanza, na mvua kubwa ya kwanza ikishapiga hawakuokota tena. Waliobaki waliachiwa ardhi. Hakuna aliyekuwa na maelezo. Ilikuwa hivyo tu, kama watu wanavyovua viatu mlangoni.

Lakini vita vilikuwa vimetumwaga pale watu wa kila mahali: wa Kasai na Katanga waliokuja na reli, waliokimbia Kibombo, mimi wa Kongolo. Njaa haikuwa na desturi ya ukoo wowote. Tuliokota siku za kwanza, na mvua ilipopiga tuliokota. Kisha mtu akagundua kwamba hata walioingia ardhini wanaliwa, tukachimba. Ili tusimpoteze hata mmoja katika takataka, tulifagia. Mama alifagia chini ya mti kabla jua halijatoka, akachoma majani yote kwenye pembe ya uwanja, mpaka udongo kati ya ile mizizi ukawa mgumu kama sakafu ya sebule. Mwaka ule walianguka wengi mno. Watu wakaunganisha mambo mawili ambayo hayakuwa na undugu wowote. Viwavi, walisema, wanapenda mahali pasafi.

Mama alikuwa na mtoto wa mwisho, msichana ambaye hakuwa ametembea bado na alikuwa amevimba miguu kwa njaa. Alikausha viwavi juu ya moto, akawatwanga, akautia unga wao katika uji mwepesi. Tulimwangalia mtoto yule kama watu wanavyoangalia mto unaopanda. Miguu ilinywea, nywele zikarudia rangi yake, na siku moja akamng'ata mama yake kwa nguvu, wote tukafurahi.

Vita vilipolegea niliondoka. Nilikuwa na cheti cha sekondari, kinachotosha kumfanya mtu awaandikie wengine barua na kisichotosha kumpa kiti ofisini. Nilichimba kasiterite, mawe ya bati, Kalima. Niliuza betri na sabuni Kampene. Nilipanda hadi Bukavu, nikashuka hadi Kisangani. Kila mahali nilikaa mpaka nilipowajua mbwa wa mtaa kwa sauti, kisha miguu ikaanza kuniwasha. Watu walinisikitikia. Mimi mwenyewe sikujua kama ninatafuta au ninakimbia, na baada ya muda sikujiuliza tena. Ila katika kila mji nilitazama miti. Nilikuwa nikiona kisiki kipana, ninasimama, ninajaribu kukisia mti uliokuwa pale ulikuwa wa urefu gani na nani alikaa chini yake. Nilikuta visiki vingi kuliko miti.

Nilirudi Kindu kwa boti kutoka Ubundu, mvi zikiwa zimeshaanza, mzigo wangu ukitosha begi moja. Sapeli niliuona kabla ya kuona mji. Mama alikuwa uwanjani, ameinama, anafagia chini yake. Msichana wa uji alikuwa ameolewa Lubumbashi. Mama aliinua kichwa, akasema, "Wewe muntu wa Kongolo, ulienda kununua chumvi kweli," akaendelea kufagia.

Alinipa chumba cha nyuma, ambacho mlango wake ulitazama mti. Nilikarabati paa, nikatengeneza kitanda. Nilianza kuandikia watu barua na maombi yao kibarazani. Nilichoka kama mtu aliyeweka mzigo chini, na nilijiambia kwamba pale pangekuwa mwisho wa safari. Sikumwambia mtu.

Lakini nilikuta jambo limeiva. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, sasa mzee na mfanyabiashara wa mpunga wa Kibombo, alikuwa ameshaongea na wapasua mbao. Viwavi walikuwa wamepungua mwaka baada ya mwaka, na msimu uliotangulia hapakuwa na hata mmoja. Kijana wake alikuwa anataka kuoa na hakuwa na nyumba. Uwanja ni wa familia, na baada ya kaka yake sauti ya familia ilikuwa yeye. Si mtu mbaya. Alikuja amevaa kofia yake nyeupe, akaleta mchele mpya, akauliza afya ya kila mtu, kisha akainua uso kuangalia juu.

"Shemeji," alisema, "huu muti hautupe kitu tena. Njo mbao tu, iko imesimama." Kwetu "njo" ni "ndiyo".

Mama alimjibu kwamba mti ule ulimnyonyeshea mtoto. Yule mzee alisema anajua, na Mungu aulipe, lakini mtoto ameshaachishwa ziwa na ana watoto wake. Hapo hata Mama alicheka, na kicheko kile kilinitia hofu kuliko ugomvi. Walikubaliana hivi: msimu wa viwavi ulikuwa umetoka kupita, basi ungojewe mmoja mwingine. Wakianguka, mti ubaki. Wasipoanguka, kijana apate mbao zake.

Katika miezi ile ile alikuja msichana kutoka Kisangani, mwanafunzi wa mambo ya misitu. Alizunguka mitaani kwa pikipiki ya kukodi akitafuta miti mikubwa iliyobaki mjini na kandokando yake. Alishuka akikohoa vumbi, akakaa juu ya dumu, akautazama ule mti kimya mpaka Mama akamuuliza kama anaumwa. Alisema hapana, Mama, nimefurahi tu. Siku hiyo alikuwa ameonyeshwa visiki tangu asubuhi.

Alifanya kazi pale siku kadhaa, nami nilimshikia kamba. Alipima unene juu ya ile mizizi, akitumia ngazi ya jirani. Kwa chombo chembamba cha kuzungusha alitoa kijiti cha mbao ndani ya shina, kisichozidi unene wa kalamu, na Mama akasimama karibu akiuliza kama mti unasikia maumivu. Msichana alisema haumwi zaidi ya mtu anayetolewa damu hospitali, akaziba tundu. Alituonyesha kwenye kile kijiti mistari, mingine imebanana, mingine imeachana. Alisema miti ya zamani imebeba mvua na kiangazi cha miaka ambayo hakuna mtu aliyeiandika, na mti ukikatwa na kupasuliwa bila mtu kuutazama, habari hiyo inapotea. Alisema pia kwamba sapeli ndogo hazizai. Zinangoja mpaka ziwe kubwa sana ndipo zitoe mbegu, na wapasua mbao wanazichukua hapo hapo, zinapoanza kuwa na maana. Ile miche tuliyoiona imeota mpaka karibu na mto, ambayo tulidhani imejiotea, huenda yote ilikuwa watoto wa mti wetu, mbegu zikiwa na bawa na kwenda na upepo.

Mimi nilisikiliza yote haya nikijisikia mchovu na mwenye furaha. Nimeishi miji mingi, na sijawahi kuona mtu akisafiri mbali hivyo ili aangalie kitu ambacho hataki kukichukua.

Kisha akauliza habari za viwavi. Mama alimweleza mwaka wa vita, wingi wao, uji, na jinsi walivyoanza kupungua.

"Na nani anafagia hapa?" msichana aliuliza.

"Mimi," alisema Mama, akanyoosha mgongo. "Kila siku. Tangu vita mpaka leo, hata nikiwa na homa. Hutaona jani."

Alikuwa anangoja kusifiwa. Msichana alikwaruza ule udongo mgumu kwa ncha ya kiatu. Alieleza polepole, kwa heshima, akichagua maneno. Kiwavi akishuka anatafuta majani yaliyooza na udongo laini ili alale humo mpaka mwaka ufuatao. Akikuta sakafu, anazunguka mpaka kuku amwone. Akikuta majani na majani yakachomwa, anachomwa nayo. Walioliwa wakati wa vita waliliwa kwa haki, lakini tangu hapo kila mwaka wachache waliojaribu kurudi walikuwa wanafagiliwa.

Mama aliweka ufagio chini, akakaa kwenye mzizi.

"Kwa hiyo njo mimi," alisema.

"Siyo wewe peke yako, Mama. Ungekuwa mchafu kidogo, ungekuwa na viwavi."

Mama hakucheka. Alisema kwamba mama yake alimfundisha kwamba uwanja usiofagiwa ni uwanja wa mtu aliyekufa. Alisema hivyo mara mbili, kisha akaenda kupika.

Kesho yake hakufagia. Nilimwona asubuhi amesimama mlangoni, mikono haijui pa kwenda. Sapeli hupukutisha majani mengi kiangazi kinapokuja, nayo yakaanza kulala yalipoanguka, tabaka juu ya tabaka. Jirani mmoja alipita akauliza kama Mama ni mgonjwa, amtumie binti amfagilie. Mwingine alisema kwa sauti ya kusikika kwamba nyumba ikikaa na mpangaji mwanaume asiye na mke ndivyo inavyokuwa. Mama alivumilia. Kuku wake, ambao walikuwa wanachakura majani kutwa, aliwapeleka kwa dada yake ng'ambo ya mto, akarudi kimya kama mtu aliyetoka kuzika.

Kilichokaribia kutushinda ni salongo. Jumamosi kila mtu husafisha kwake na mbele yake, na chifu wa mtaa hupita kuangalia. Alisimama mbele ya yale majani, mikono nyuma.

"Mama, wewe njo tulikuwa tunaonyesha wengine," alisema. "Sasa hii ni nini? Nyoka wafanye mkutano?"

Mama alimweleza mambo ya nondo na ardhi. Chifu alisikiliza, akasema anaelewa, lakini salongo haijui nondo. Akimwacha yeye, mtaa mzima utaanza kufuga takataka na kuziita masomo. Mwishowe chifu mwenyewe, ambaye alikuwa amekula viwavi wa mti ule kama sisi, alikuna kichwa akasema: "Weka ua. Panda kitu. Nikipita nione shamba. Shamba halifagiwi."

Nilikata fito, nikazungusha ua mdogo kuanzia mzizi hadi mzizi. Mama alichomeka vijiti vya muhogo kando kando ya ua, kwenye kivuli ambamo muhogo hauwezi kushiba jua. Lilikuwa shamba baya kuliko yote katika mkoa wa Maniema. Chifu alilipita kila Jumamosi akilisalimia kwa heshima.

Miezi ilikwenda. Niliandika barua za watu. Jioni Mama aliketi kibarazani akatazama yale majani kwa sura ya mtu anayemtazama mgeni aliyelala sebuleni na haondoki. Aliniambia ameanza kuota anafagia. Kiangazi kilipokomaa tulianza kusikiliza mabati, kila mmoja akijifanya anafanya jambo jingine. Siku nyingi hapakuwa na kitu. Kisha siku moja mchana nilisikia chembe moja, nyingine, kisha kimya, kisha tena. Haikuwa ile sauti ya mwaka wa vita. Ilikuwa kama mtu anayechambua mchele bila haraka, akidondosha punje moja moja. Mama alikuwa anakatakata sombe, majani ya muhogo. Kisu kilisimama.

Walishuka wachache. Hawakutosha bakuli. Wa kwanza alipotua ndani ya ua, Mama alileta kigoda chake akakaa karibu, na siku zote zile alikuwa pale, akiwafukuza ndege na watoto wa majirani. Nilimwona mara moja akinyoosha mkono, akimfikia mmoja aliyekuwa amenona kuliko wengine, kisha akaurudisha mkono mapajani. Kiwavi alisukuma kichwa chini ya jani, akasukuma tena, akaingia. Basi. Jani lilibaki kama halijaguswa. Hapo ndipo nilipoona tuliko. Akiwaokota, atakuwa na kitu cha kumwonyesha shemeji, na mwaka ujao hapatakuwa na hata mmoja. Akiwaacha, hatakuwa na kitu mkononi. Yeye alikuwa ameliona kabla yangu. Aliwaacha wote.

Shemeji alikuja mvua zilipoanza, pamoja na wapasua mbao wawili waliobeba msumeno wao wa injini umefungwa kwenye gunia. Alikula, akanawa, akauliza viwavi wako wapi.

"Walianguka," alisema Mama. "Wako chini."

Mimi nilishuhudia. Shemeji alinitazama kwa upole wa mtu anayesikia ushahidi wa mpangaji. Mama alimletea punje nyeusi kutoka kwenye mabati, alizokuwa amezihifadhi kwenye karatasi.

"Shemeji," yule mzee alisema, "nimetoka Kibombo kuona viwavi, na wewe unanionyesha mavi yao."

Mmoja wa wapasua mbao alicheka. Mwingine alisema jambo la akili: kwamba wakichimbua kidogo pale kwenye majani, ukweli utaonekana, na akasogea kuelekea ua. Mama alisimama mbele yake. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, na hakupiga.

"Ukichimbua unawaua," alisema. "Nimekaa mwaka muzima katika takataka kwa ajili yao. Mukate muti kama munataka kukata. Lakini hapa hamuchimbe."

Shemeji alivua kofia, akaifutafuta, akairudisha. Nadhani aliamini hapo. Sikuona sababu nyingine ya kuifuta kofia iliyokuwa safi. Aliposema, alisema kwa uchovu kama wetu. Alisema hana chuki na mti. Kaka yake alicheza chini yake, na yeye pia. Lakini kijana ameshapeleka mahari, familia ya msichana inauliza nyumba iko wapi, na yeye hawezi kuwajibu kwamba iko ndani ya tumbo la kiwavi.

Mama aliutazama mti, akatazama nyumba yake, kisha akatazama mlango wa chumba cha nyuma. Mimi alinipita kama hakuniona.

"Nyumba iko," alisema. "Achukue chumba cha nyuma. Paa ni nzima. Ataongeza kingine upande wa barabara, siyo upande wa muti."

Hakuna aliyeniuliza, na sioni wangeniuliza nini. Nilikuwa mpangaji wa wema wake, si ndugu. Nilishangaa kwamba nilichosikia si maumivu matupu. Kulikuwa na nafuu ndani yake, ile ninayoijua, ya begi linalofungwa. Shemeji alifikiri, akazunguka chumba changu, akapiga ukuta kwa kiganja, akainama kuangalia paa kwa ndani. Alitoka akasema ni chumba kizuri. Akawaambia wapasua mbao kwamba watakula jioni kisha watarudi. Mmoja wao alikasirika kwa njia aliyokuja bure, akapewa mchele.

Mama aliniomba radhi siku iliyofuata, si kwa maneno. Alinipikia kuku, mmoja wa wale aliowapeleka ng'ambo, na hakukaa nami kula. Nilimwambia tu kwamba ningefanya kama yeye. Alisema, "Ninajua. Njo sababu sikukuuliza."

Niliondoka siku ambayo vitu vya maharusi vililetwa. Kijana yule alikuja na pusupusu, mkokoteni wa mkono, iliyobeba kitanda, godoro na sufuria mpya zikigongana, nami nikamsaidia kuingiza kitanda, kwa sababu nilikijua kipimo cha mlango. Kilipita kikikwaruza pande zote mbili. Tulikiweka pale pale kilipokuwa changu. Alinishukuru, akaniita yaya, yaani kaka mkubwa, akauliza kama mti unavuja majani sana. Nikamwambia sana.

Mama alinisindikiza mpaka kwenye njia iteremkayo mtoni. Nilitaka kuvuka, nishike njia ya Kalima, na baada ya Kalima sikuwa nimefikiri. Nilimwomba, msimu ujao wakianguka, anitumie habari, hata neno moja tu, kama ni wengi au wachache.

"Nikutumie kwa nani?" alisema. "Fasi gani, muji gani? Wewe hukai."

Alinipa chumvi kidogo kwenye karatasi, ya njiani, akaniambia nishuke kabla mtumbwi haujajaa. Nilishuka. Ulikuwa bado na nafasi, mbele kabisa, ambapo mtu hukaa akiipa ng'ambo uso, nami nikakaa hapo.